Ubao wa Waliotoka

Machi 9
Mvua imeanza saa sita kasorobo, siku nne kabla ya tarehe waliyotabiri watu wa hali ya hewa. Nimeandika habari tatu, mhariri amekata mbili. Hatumwiti Mkasi bure.

Machi 11
Mvua. Mpigapicha wetu, Kobe, amekunywa chai yangu tena. Anasema alikuwa ananipozea.

Machi 12
Maji yamefika ngazi ya pili ya ofisi. Mfagizi anaziba chini ya mlango kwa magazeti ya zamani. "Angalau huku yana faida," kasema.

Machi 13
Mvua tangu alfajiri, bila kupumua. Saa saba na nusu Kobe ameandika ubaoni: "Nimetoka kikazi. Mfereji mkuu. Narudi saa kumi." Nimeondoka ofisini saa kumi na mbili, mstari wake bado upo. Nadhani amesahau kuufuta.

Machi 14
Hakusahau.

Niandike kwa utaratibu, maana kesho nitaulizwa.

Ubao wetu uko ukutani karibu na mlango. Ni ubao wa chaki kama wa darasani. Kila anayetoka anaandika anakokwenda na saa ya kurudi. Akirudi, anafuta mwenyewe. Aliyeandika ndiye anayefuta, hakuna mwingine. Sheria hiyo ina sababu. Miaka kumi na sita iliyopita mtu aliufuta mstari wa mwenzetu akidhani ameshamwona koridoni. Gari halikwenda kumchukua. Mwenzetu alikaa saa kumi na nne chini ya kilima kilichoporomoka, mguu umevunjika mara mbili. Tangu hapo, hata mwenye gazeti hagusi mstari wa mtu.

Kobe ana miaka kumi na moja nasi. Jina la Kobe alipewa kwa sababu husubiri. Wapigapicha wengine hupiga mia wakachagua moja. Yeye hupiga nne, na zote zinafaa. Mimi huniita dada, ingawa hatuna undugu wa damu. Mke wake, kwa hiyo, huniita wifi.

Wifi amefika ofisini saa nne asubuhi, viatu mkononi.

"Wifi, Kobe amelala hapa?"

"Hapana."

Akauangalia ubao. Akausoma mara mbili, nikamwona midomo ikienda. 

Simu ya Kobe haipatikani. Nimekwenda hospitali tatu na vituo viwili vya polisi. Mkasi anasema, "Atakuja. Mtu mzima hapotei kama kuku."

Machi 15
Nimefika kwenye mfereji. Ukingo wa upande wa ujenzi umemeguka, urefu wa hatua arobaini hivi. Kalvati jipya limejaa tope hadi juu. Mlinzi wa mkandarasi anasema siku ile hapakuwa na mtu, kazi ilisimama kwa sababu ya mvua. Nimemuuliza yeye alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani kwake.

Machi 17
Mvua.

Machi 18
Watu wameanza kutafuta maneno. Nimeyaandika kama ninavyoandika maneno ya mashahidi, kila moja na mwenyewe.

Sauti ya simu: hapatikani kwa sasa.
Afisa utumishi: hajaripoti.
Mwenye duka la chini: sijamwona siku hizi.
Mwandishi wa michezo: kala kona.

Huyu wa mwisho nilimuuliza kona ipi.

"Ah, mama, nawe. Wanaume tunajuana. Kaingia mitini. Baada ya mwezi utamwona anarudi amenenepa."

"Ulimwona akiingia?"

"Si lazima nimwone."

"Basi hiyo si habari. Kaandike mpira."

Machi 20
Wifi na mimi tumekwenda polisi. Askari wa zamu ni mtu mpole mwenye mwandiko mbaya. Amefungua jalada, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa kazini au alikuwa kwenye mambo yake?"

"Kazini," nikasema.

"Mwajiri anathibitisha?"

"Mimi ninathibitisha."

"Wewe ni mwajiri?"

Akatueleza bila ukali. Kuchimba kalvati kunahitaji mashine, mashine inahitaji amri, na amri inahitaji sababu ya kuamini kwamba mtu yumo. Barua ya mwajiri, ikisema alitumwa pale siku ile, inatosha. "Bila hiyo, mama, mimi nina mtu mzima aliyetoka nyumbani kwake. Si kosa kutoka nyumbani."

Nikamwambia barua ataipata kesho.

Machi 21
Hakuipata.

Afisa utumishi ameandika mistari minne, mhuri safi kabisa. Inasema mfanyakazi hakuwa na kazi aliyopangiwa Machi 13, na hajaripoti tangu tarehe hiyo. Nimeipeleka mezani kwa Mkasi.

"Hii umeiona?"

"Nimeiona."

"Kobe alikwenda mferejini kujitembelea?"

Mkasi ana tabia ya kusafisha miwani anapotafuta la kusema. Leo ameisafisha sana. Akanikumbusha waraka wa Machi 10: hakuna kumtuma mtu kwenye mafuriko bila saini ya uongozi. Waraka nimeuona, umebandikwa chooni.

"Mimi sikutia saini," akasema.

"Sikukuuliza saini. Nimekuuliza kama ulimtuma."

"Dada yangu, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba nilimtuma."

Nimefanya kazi na Mkasi miaka tisa. Amewahi kunikata vibaya, lakini hajawahi kunijibu kama msemaji wa kampuni.

Nikamwonyesha ubao kupitia kioo cha chumba chake.

"Ubao si waraka," akasema. "Hata mimi naweza kuandika nimekwenda mwezini."

"Tatizo lako wewe huandiki kabisa."

Kweli. Tangu awe mhariri hajaandika ubaoni hata mara moja. Anatoka anavyotaka, na sisi tunabaki kuwaambia watu "hayupo".

Machi 24
Mvua. Wifi amepigiwa simu na shule ya binti yake. Kuna fomu mpya. Baba: yupo, hayupo, marehemu. Weka alama. Amewarudishia fomu ikiwa wazi, akaandika pembeni: "Yuko kazini." Mwalimu amemwambia hakuna kisanduku cha hivyo. "Basi chora," kamwambia.

Machi 27
Kanuni ya utumishi, ibara ninayoijua sasa kwa moyo: siku thelathini bila kuripoti, mfanyakazi amejiondoa kazini mwenyewe. Barua hutolewa, nakala huenda kwa wanaohusika. Siku ya thelathini ni Aprili 12. Nimempigia askari wa zamu. Barua hiyo ikimfikia, jalada linafungwa. "Mwajiri akisema jamaa aliacha kazi, mimi nitachimba kwa sababu gani?"

Siku kumi na sita.

Machi 28
Afisa utumishi amemwagiza mfagizi aufute ubao wote, eti kuta zitapakwa rangi mwezi ujao na ubao utaondolewa. Nilikuwepo. Mfagizi alikuwa ameshika ndoo.

"Mimi sikuandika," kasema.

"Sijauliza nani kaandika. Nasema futa."

"Mimi nafuta sakafu, madirisha na vyoo. Mstari wa mtu sifuti. Ukitaka, kifutio kile pale, mkono unao."

Afisa utumishi akakitazama kifutio. Watu kumi na mmoja walikuwa wameacha kuandika. Akasema atalifuatilia, akarudi chumbani kwake.

Mwandishi wa michezo akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Mfagizi moja, utumishi sifuri." Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu tarehe kumi na tatu.

Machi 30
Meza yangu nimeihamishia chini ya ubao. Maji ya mvua yanavuja hapo, tone kila sekunde nne. Nimeweka sufuria.

Aprili 1
Mvua. Mkasi amenipangia habari za mnada wa samani hadi mwisho wa mwezi. Nimeziandika. Zote ni sahihi.

Aprili 3
Picha ya mfereji. Nimeamka nayo kichwani.

Najua Kobe alituma picha, kwa sababu hajawahi kwenda mahali asitume. Nimemuuliza Mkasi. Anasema ndiyo, ilikuwapo picha, lakini ilitumwa na mpita njia. Kwenye kompyuta ya meza ya picha hakuna kitu cha Machi 13. Kuna cha tarehe 12, kuna cha 14 kilicholetwa na wasomaji. Katikati hamna, kama jino lililong'olewa.

Aprili 4
Wifi amekuja kukaa nami chini ya ubao saa nzima ya chakula.  Jirani zake wameanza kumpa pole.

"Nawaambia pole ya nini? Wananiangalia kama mimi ndiye niliyepotea."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ametutoka. Wengine wananong'ona ametoroka. Wifi, mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili." Akavua kiatu, akakung'uta tope. "Mimi nasema hajarudi. Basi. Anayetaka neno lingine alete ushahidi."

Ningependa angekuwa mwandishi.

Aprili 6
Leo nimefanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza, na naona aibu kuandika kwamba sikulifanya.

Watu wa magazeti tuna ugonjwa mmoja. Asubuhi tunasoma magazeti ya washindani wetu mstari kwa mstari, kutafuta walichotuzidi. La kwetu hatulisomi. Tumeliandika, tunalijua, au tunadhani tunalijua. Gazeti la Machi 14 sikulifungua. Nilikuwa hospitalini nikifunua mashuka.

Saa tatu nimekwenda maktaba ya ofisi. Jalada la Machi lipo, limelowa pembeni. Ukurasa wa tano, safu mbili, juu kulia. Mfereji mkuu umefurika, maji yamefika kwenye kingo za kalvati. Picha imepigwa kutoka juu ya ukingo ule uliomeguka. Chini yake maneno haya:

"Mfereji mkuu ukiwa umefurika jana saa tisa alasiri. Picha na mpigapicha wetu."

Wetu. Tunaye mmoja tu.

Picha ya mpita njia huandikwa "picha ya msomaji", na picha ya kununua hutajwa ilikonunuliwa. Tumefanya hivyo tangu gazeti lianze. Anayeandika maneno ya ukurasa wa tano ni Mkasi mwenyewe, na hamwachii mtu.

Nakala elfu ishirini na mbili. Tulikuwa tumeutangazia mji mzima mahali alipokuwa Kobe, na ofisini hakuna aliyesoma.

Aprili 7
Mvua kubwa. Nimepata nakala tatu. Moja iko kwa wifi, moja kwa mfagizi, moja kwangu. Mfagizi ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, ameiweka chini ya ndoo zake. "Hapo hata afisa utumishi hafiki," kasema. "Anaogopa sabuni."

Aprili 8
Nimeingia kwa Mkasi saa nne, nikafunga mlango, nikaweka ukurasa juu ya meza.  Aliusoma kama mhariri anavyosoma: kwanza kichwa, halafu picha, mwisho maneno ya chini. Alipofika kwenye maneno ya chini akavua miwani. Safari hii hakuisafisha.

"Zilibaki dakika saba ukurasa uende mtamboni," akasema. "Mkono umezoea."

"Mkono ulisema kweli."

"Alinitumia saa tisa na dakika nane. Nikamwambia nataka moja ya karibu zaidi, yenye kalvati. Akasema ukingo unatikisika. Nikamwambia…" 

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, Kobe, leo usiwe kobe."

Mvua ilipiga bati. Nilihesabu matone ya kwenye sufuria yangu kupitia mlango uliofungwa, au nilidhani nayasikia.

"Picha ya pili haikuja," akasema. "Nilipojua ukingo umeanguka, niliifuta ile ya kwanza kwenye kompyuta. Nikasahau kwamba imeshachapwa."

"Siku ishirini na sita, Mkasi. Mke wake anakuja hapa, unampita mlangoni unamwambia habari za asubuhi."

"Ukiipeleka hiyo, mimi sina kazi. Labda na zaidi ya kazi."

"Usipoipeleka wewe, Kobe hana mtu wa kumchimbua."

"Nina watoto watatu, dada yangu."

"Na yeye anaye mmoja. Hatukuja hapa kulinganisha."

Akaniuliza ninataka nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, swali hilo halikuwamo. Nikamwambia: kesho saa tano asubuhi nitakuwa mbele ya askari wa zamu na ukurasa huu. Ukiwa umenitangulia, nitakaa kimya nikusikilize. Ukiwa hujafika, nitasema yote, pamoja na haya ya leo, neno kwa neno, na unajua daftari langu halikosei.

Nilipotoka, watu walikuwa wanajifanya wanaandika.

Aprili 9
Nimefika saa mbili kasorobo. Mvua nyembamba.

Ubaoni, chini ya mstari wa Kobe, kulikuwa na mstari mpya. Mwandiko ninaujua, umenikata miaka tisa. "Mhariri. Nimetoka. Polisi." Saa ya kurudi hakuandika.

Mwandishi wa michezo alikuwa amesimama mbele yake na kikombe.

"Mama, hii maana yake nini?"

"Maana yake kalvati litachimbwa."

Akaweka kikombe chini. "Mimi ndiye niliyesema kala kona."

"Ndiyo. Nimeandika."

"Utafuta?"

"Uliyesema ni wewe. Nitaandika pia kwamba umeuliza." Nimeandika.

Nilikwenda kituoni saa tano kama nilivyoahidi. Mkasi alikuwa kwenye benchi, maelezo kurasa sita, kila ukurasa na saini yake. Hakukata neno. Askari wa zamu akachukua na nakala yangu ya gazeti, akaisoma, akaniuliza kwa nini hatukuileta siku ya kwanza.

"Hatulisomi gazeti letu," nikasema.

Akaniangalia. "Hata mimi silisomi," akasema.

Aprili 10
Mashine imefika saa sita. Mkandarasi amepinga kwa barua. Barua imelowa.

Aprili 11
Wanachimba. Wifi amesimama upande wa pili wa kamba tangu saa moja. Nimesimama naye. Mtu wa mkandarasi alimletea kiti. Wifi akamuuliza kama Machi 13 kiti hicho kilikuwa na mlinzi. Alirudi nacho.

Aprili 12
Siku ya thelathini. Barua ya kujiondoa kazini haikutolewa. Wanachimba.

Aprili 13
Saa tano na robo. Mita sita ndani ya kalvati. Mkanda wa kamera ulikuwa shingoni.

Wifi alimtambua kwa kiatu na kwa mkono. Hakuanguka, kama watu walivyokuwa wamejiandaa aanguke. Alimwambia askari, "Andika alikuwa kazini." Askari akaandika. Wifi akainama juu ya karatasi, akahakikisha.

Aprili 14
Nimeandika habari yenyewe, maneno mia na kumi na nane. Kaimu mhariri alitaka "ametutoka". Halafu "ametangulia". Halafu "pengo lisilozibika". Nikamwambia nimeishi mwezi mzima na maneno ya watu waliokuwa wanazunguka jambo, yamenitosha. Imetoka hivi: "Mpigapicha wa gazeti hili amekufa akiwa kazini. Alitumwa na gazeti hili." Ukurasa wa kwanza.

Leo nimelisoma gazeti letu, lote, mpaka matangazo ya mnada.

Aprili 16
Maziko. Mvua ilisimama kwa saa mbili na nusu, ikaendelea. Mkasi alikuja, akasimama nyuma kabisa, peke yake, bila mwavuli. Amesimamishwa kazi na kesi inakuja. Sijamsamehe, na si juu yangu kusamehe. Lakini alikwenda kwa miguu yake, na hilo pia nimelishuhudia.

Aprili 19
Mvua.

Aprili 23
Jua, la kwanza tangu mwezi uliopita. Harufu ya ofisi kama nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo.

Wifi amekuja kuchukua vitu vya Kobe: lenzi mbili, koti, kikombe ambacho kwa kweli ni changu. Nilimwachia. Alipomaliza akasimama mbele ya ubao. 

"Sheria yenu," akasema. "Aliyeandika ndiye anayefuta."

"Ndiyo."

"Na kama hawezi?"

 Miaka kumi na sita na hatukuwahi kulifikiria. Nikachukua kifutio, nikampa.

Akakishika muda. Kisha akafuta, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayefuta uso wa mtoto: "Narudi saa kumi." Vumbi la chaki likamwangukia kwenye kiatu. Akarudi nyuma hatua moja, akautazama ubao, akanirudishia kifutio.

Kilichobaki: "Nimetoka kikazi. Mfereji mkuu."

Hicho hakukigusa.

Aprili 25
Jua. Mafundi rangi wamefika na ndoo zao na karatasi ya afisa utumishi: kuta zote, ubao uondolewe. Fundi mkubwa alikuwa ameshatoa bisibisi. Akausoma ubao, akaniuliza huyu mtu anarudi lini aje afute mstari wake, ili wao waendelee na kazi.

Nikamwambia apake kuzunguka.